Pikapu ya Laurenti na Mlima Namatula

Siku wanawake wa bondeni walipokataa kubeba magunia, Laurenti Likwata alikuwa ameshasimamisha pikapu chini ya mlima, ameshafungua mlango wa nyuma, na alikuwa anangoja tu mzigo ushushwe kama ulivyoshushwa siku zote.

Bonde la Namatula lilikuwa na mikorosho mingi na ufuta usio na mfano, lakini njia ya kutokea ilikuwa moja, nayo ilikuwa mlima. Barabara ile ilichongwa kwa majembe enzi ya Mdachi, na Mwingereza alipokuja akaiacha vilevile. Ilipanda moja kwa moja kama imekasirika, ikakata kona kali katikati, ikapanda tena mpaka ikakutana na barabara kuu ya kwenda Mingoyo, ambako wanunuzi walikuwa na maghala yao.

Pikapu ya Laurenti ndiyo ilikuwa gari pekee bondeni. Ilikuwa gari kuukuu la silinda nne, alilolinunua kutoka shamba moja la mkonge lilipokuwa limeshachoka na wenyewe wamelichoka. Kwenye tambarare lilikwenda bila maneno. Mlimani ilikuwa habari nyingine. Likiwa tupu lilipanda likilalamika; likiwa na mzigo lilifika kwenye kona, likatetemeka, likakohoa, likazimika. Basi ukawa ndio utaratibu: magunia yanashushwa chini ya mlima, wanawake wanayabeba kichwani mpaka juu, wanaume wanasukuma gari, kisha mzigo unapakiwa upya. Watoto wa kijijini walilipa gari lile jina la Shuka Tusukume, na Laurenti mwenyewe alilicheka jina hilo pamoja nao, maana hakuwa mtu wa kununa. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuimba kanisani, na aliamini kwamba mambo mengi duniani hunyooka yenyewe ukiyapa muda.

Asubuhi ile aliyemkatalia alikuwa mkewe mwenyewe, Martina. Aliteremka kutoka juu ya mzigo, akavuta gunia moja la korosho mpaka kando ya njia, akalikalia.

"Mama Rosa, twendeni, jua linapanda," Laurenti alisema.

"Lipande tu. Sisi hatupandi."

Wenzake wakacheka, lakini nao wakakaa, mmoja baada ya mwingine, wakanyoosha miguu majanini kama watu waliokuja shughulini. Laurenti aliangalia huku na huku akidhani ni mzaha.

"Nakuuliza mbele ya wenzangu, Baba Rosa," Martina alisema kwa upole kabisa. "Hili ni gari la kubeba mizigo?"

"Si unaliona? Ni gari la mizigo."

"Basi libebe."

Bi Genoveva, aliyekuwa mkubwa kuliko wote pale, alijishika shingo. "Mwaka jana shingo yangu ilikakamaa mwezi mzima, mwanangu. Nikiitwa nyuma nageuka mwili wote kama fisi. Korosho nilime mimi, niokote mimi, na mlima niupande nazo mimi? Gari lako linafanya nini, linatusindikiza?"

Laurenti alianza kushusha magunia mwenyewe. Alibakiza machache garini, akapanda, akayashusha juu, akarudi. Akapakia machache tena. Rejeta ilichemka mara kwa mara, na kila ilipochemka alikaa kwenye jiwe akingoja ipoe huku akisikia wanawake wakizungumza chini kwa raha zao. Alipofikisha gunia la mwisho juu, shati lilikuwa limemganda mgongoni, na njia yote ya kwenda Mingoyo hakuimba hata mstari mmoja. Hakumkasirikia Martina. Kilichomuuma ni kwamba mkewe alisema jambo la kweli ambalo yeye mwenyewe aliliona kila msimu, akaliacha lipite.

Pale Mingoyo alipokewa na Mzee Abdurahmani, mnunuzi wa korosho, mtu mzima mwenye kanzu safi na macho yasiyopitwa na kitu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Laurenti. Nilikutazamia adhuhuri, umenijia Maghrib. Kulikoni?"

Laurenti akamweleza. Mzee hakucheka. Alilizunguka gari, akagonga bodi kwa fimbo yake, akasema, "Nisikilize. Mvua haziko mbali, na zikianza mlima wenu haupandiki. Mimi nina lori jipya, silinda sita. Niuzie hiki chuma chako nikitumie hapa mjini kwenye tambarare, lori langu lije bondeni kuchukua mzigo uliobaki. Utaliendesha wewe. Nitakulipa kama ninavyowalipa madereva wangu."

Halikuwa shauri baya, na halikutolewa kwa ubaya. Lakini Laurenti alijua maana yake. Bonde lote litangoja lori la mtu mwingine lije siku atakayopenda yeye, kwa nauli atakayopanga yeye. Na yeye Laurenti, aliyeendesha magari ya wazungu Nachingwea mpaka akaweza kununua la kwake, atarudi kushika usukani wa mwenzie.

"Nipe nafasi nifikiri, mzee."

"Fikiri. Ila uitazame na mbingu huku ukifikiri."

Asubuhi yake Laurenti alikwenda njia panda ya Mingoyo, kwa mtani wake Yahya. Yahya alikuwa mtu wa Kilwa Kivinje, mfupi, mwenye mikono kama ya mpiga makasia. Wakati wa vita kuu ya pili alikwenda Bama, huko Asia, na askari wa Keya wa Mwingereza, akatengeneza magari kwenye matope ya huko, na aliporudi alijenga kibanda cha makuti pale Mingoyo, akaandika juu ya ubao kwa rangi nyekundu: YAHYA, GARI LIKIMSHINDA LIZIKWE. Watu walimwambia ubao ule una majivuno. Yeye alijibu kwamba una habari.

"Mtani!" alipiga kelele alipoiona pikapu. "Bado unatembea na maiti barabarani? Sheria haikukamati?"

"Maiti ni nyinyi watu wa pwani, mnaolala mchana kutwa. Amka unisikilize."

Laurenti alimweleza kisa chote: mlima, magunia, wanawake, lori la Mzee Abdurahmani. Akamalizia kwa shauri alilokuwa amelipanga njiani. "Nataka unitafutie injini ya silinda sita kwenye vyuma vikuukuu vya Nachingwea. Pesa ya injini mpya sina, hiyo ya chakavu nitajikongoja."

Yahya alifungua boneti, akatazama ndani muda mrefu, akaanza kucheka taratibu.

"Silinda sita utaikalisha wapi hapa? Itataka viti vingine vya injini, klachi nyingine, rejeta nyingine. Ukimaliza utakuwa umenunua gari jipya kipande kipande, na kila kipande kimechakaa. Hebu nipe hendeli."

Akaichomeka hendeli mbele ya gari, akaizungusha polepole bila kuwasha, huku ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlangoni. Akazungusha tena. Kisha akamwita Laurenti ashike yeye.

"Unasikia? Hapa inakusukuma mkono, inakataa. Hiyo silinda ni nzima. Hapa inakataa pia. Sasa endelea... hapa je?"

"Inalegea."

"Na hapa?"

"Hapa sisikii kitu."

"Ndiyo ugonjwa wako huo. Una wapagazi wanne, mtani. Wawili wanabeba, mmoja anajikokota, wa nne amelala njiani na mshahara anachukua. Na wewe badala ya kumwamsha unataka kuajiri sita."

Laurenti alijikuta anacheka kwa mara ya kwanza tangu jana. "Na ukimwamsha huyo aliyelala, mlima atapanda?"

"Akiamka tu, atafika kwenye kona yako. Ili apite kona, nitafanya na mambo yangu mengine. Tufanye hivi: likigoma mlimani, hunilipi hata kikombe cha chai. Likipanda na mzigo kamili, unanilipa, na utasema mbele za watu ni nani kalipandisha."

Wakapeana mikono.

Kazi ilianza papo hapo. Yahya alifungua kichwa cha injini, na ndani wakakuta masizi magumu yamegandamana kama ukoko wa wali sufuriani. Laurenti alipewa kipande cha mti na kitambaa, akakwangua juu ya pistoni mpaka chuma kikang'aa. Valvu za silinda mbili mbovu, vilango vyake vya hewa na moshi, zilikuwa zimeungua pembeni, hazifungi sawasawa, na nguvu yote ilikuwa ikivujia hapo. Yahya hakununua mpya. Alizipaka dawa ya kusagia, akazikalisha mahali pake, akawa anazizungusha kwa viganja kama mtu anayepekecha moto, akizitoa, akizitazama, akizirudisha, mpaka zikawa na mduara safi wa kijivu usiokatika popote.

Kisha alilala chini ya gari akatoa bomba la moshi. Lilikuwa limeingia ndani kwa kugongwa na mawe, na kutu ilikuwa imejaa mle kiasi kwamba kidole kilipenya kwa shida.

"Tazama," alisema akilinyanyua. "Injini inakula hewa kwanza, petroli ni kitoweo tu. Wewe umeiziba pua, umeiziba na nyuma, halafu unaitukana mlimani."

Bomba jipya alilipata kwenye lundo lake, la lori la jeshi, pana zaidi na lenye kona chache. Kabureta, ile inayochanganya hewa na petroli, nayo aliitoa kwenye kasha la vyuma alivyovinunua kwa bei ya bure Nachingwea, mradi wa karanga wa wazungu ulipofungwa. Mdomo wake ulikuwa mkubwa kidogo kuliko wa ile ya zamani. Laurenti akaona nyingine kubwa zaidi mle kashani, akaishika.

"Hii je? Si ndiyo itatia nguvu zaidi?"

"Hiyo itakunywa petroli na kuimwaga. Mtoto humpi sahani ya mpiga kasia. Irudishe."

Lililomshangaza Laurenti kuliko yote lilikuwa lile la kichwa cha injini. Yahya alikibeba begani akasema anakipeleka kwa rafiki yake mwenye mashine kwenye karakana ya shamba la mkonge, kikakwanguliwe upande wa chini, unene wa ukucha tu.

"Unakipunguza?" Laurenti aliuliza. "Unapunguza chuma ili uongeze nguvu?"

"Gobore umewahi kupiga?"

"Sana. Nguruwe wangetumalizia mihogo."

"Baruti ukiishindilia vizuri inakuwaje?"

"Inapiga mbali."

"Na ukiiacha imelegea?"

"Inatema moshi tu."

"Basi. Nafasi ya mle ndani ikiwa ndogo, moto unashindiliwa. Petroli ni ileile, kelele ni ileile, ila teke lake si lile ulilolizoea."

Martina alifika wakati wakingoja kile kichwa kirudi. Alikuwa amedandia gari la watu kwenye barabara kuu mpaka njia panda, kapu la chakula mkononi, maana mumewe alikwenda Mingoyo kwa siku moja akapotelea huko. Alikuta gari limefunuliwa boneti, vyuma vimetandazwa kwenye magunia, na Laurenti mweusi wa masizi mpaka kwenye nyusi.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema, akizuia kicheko.

"Milele na milele, amina. Mama Rosa, usiogope, litarudi kuwa gari."

"Siogopi. Karibuni chakula."

Walikula wali na dagaa, na Yahya akamweleza shemeji yake kila walichofanya, kwa mikono na kwa mdomo uliojaa. Martina alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliinuka, akaenda nyuma ya pikapu, akashika bamba la chuma la ubavuni, akajaribu kulinyanyua. Halikutikisika.

"Hili la nini?"

"Lilikuja nalo," Laurenti alisema. "Kule shambani walikuwa wanapakia marobota ya mkonge."

"Sisi tuna mkonge?"

"Hatuna."

"Na huu mnyororo? Na hii betri mbovu? Na gurudumu hili lisilo na mpira, unamwekea nani?"

Laurenti alijikuna. Vitu vile alikuwa anavihifadhi tu, kama mtu anavyohifadhi.

"Mimi nimeupanda mlima ule na gunia kichwani tangu gari hili lije," Martina alisema. "Najua ukishaifikia ile kona, hata kitambaa cha kichwani kinakuwa kizito. Mnaiongezea injini nguvu, vizuri. Lakini kama inapanda imebeba upuuzi huu wote, nguvu mliyoiongeza itakwenda kubebea upuuzi."

Yahya aliacha kutafuna. Alilitazama lile bamba, akatazama na jingine la upande wa pili, akaenda kuchukua spana. Walifungua mabamba yote mawili, na lile la nyuma, na ngao nzito ya mbele iliyofungwa na watu wa mkonge. Martina mwenyewe alishika upande mmoja. Mahali pake seremala wa jirani aliweka mbao nyepesi, zikafungwa kwa kamba na misumari. Lundo la chuma lililobaki chini lilikuwa kubwa kiasi kwamba wapita njia walisimama kuuliza gari lililokufa hapo lilikuwa la nani.

Kichwa kilirudi kinang'aa. Wakafunga, wakatia maji, Yahya akapanga majira ya moto wa plagi, yaani wakati cheche zake zinapowaka, na Laurenti akazungusha hendeli. Iliwaka mara moja. Sauti yake haikuwa ile ya zamani ya kikohozi. Ilikuwa nzito, iliyopangika, na Laurenti alisimama na hendeli mkononi akitabasamu kama bwana harusi. Waliizungusha Mingoyo nzima. Mzee Abdurahmani alitoka dukani kutazama, akapunga fimbo, akasema, "Tambarare kila gari ni hodari."

"Ngoja keshokutwa uhesabu magunia, mzee!" Yahya akamjibu.

Bondeni habari ilikuwa imeshatangulia. Asubuhi ya kujaribu, watu walikuwa wametapakaa kando ya barabara kutoka chini mpaka juu, wengine wamebeba watoto. Pikapu ilipakiwa mpaka juu ya zile mbao mpya, mzigo ambao Laurenti hakuwahi kuuthubutu hata kwenye tambarare. Yahya alikaa naye mbele. Martina alipanda akakaa juu ya magunia.

"Shuka kwanza, Mama Rosa. Tujaribu, likikubali utapanda."

"Nikishuka mtasema limepanda kwa sababu nilishuka. Endesha."

Laurenti alifanya ishara ya msalaba, Yahya akasema bismillahi, wakaondoka. Gari lilishika mlima kwa hamu. Miti ilirudi nyuma upesi kuliko alivyozoea, na watu wa chini wakaanza kupiga vigelegele. Lakini kabla ya kufika kona, injini ikaanza kutoa mlio mwingine: kak-kak-kak, kama mtu anagonga sufuria tupu kwa mwiko. Nguvu ikapungua. Laurenti akakanyaga zaidi, mlio ukazidi; kona ilipotokeza mbele, mguu wake ukalegea. Akasimama, akafunga breki, vijana wakakimbilia kuweka mawe nyuma ya magurudumu.

"Umeipasua," Laurenti alisema. "Yahya, umeipasua injini yangu."

Yahya alifungua mlango. Alishuka, akafungua boneti, akaweka mkono juu ya chuma, akainama akasikiliza. Watu waliokuwa karibu walisogea. Laurenti alimtazama usoni, na kwa kitambo kile akaona kwamba mtani wake naye alikuwa anatafuta. Aliwaza lori la silinda sita, akawaza kupiga magoti mbele ya duka la Mzee Abdurahmani. Juu ya magunia Martina alibaki ameketi.

"Haijapasuka," Yahya alisema mwishowe, na sauti yake ikawa imerudi mahali pake. "Kosa ni langu. Moto nimeuwahisha mno. Injini imeshindiliwa upya, mimi nikaiwekea majira ya hasira. Kule Mingoyo haikusema kwa sababu haikuwa na mzigo. Hapa imesema. Nipe spana ndogo."

Alilegeza kile kikombe kinachogawa moto kwa plagi, akakizungusha kidogo sana kurudi nyuma, kidogo kiasi kwamba Laurenti hakuona kama kimesogea, akakikaza.

"Rudisha gari mpaka chini. Tuanze upya. Na safari hii, sikiliza: ukikaribia kona, usiachie."

"Usiachie nini?"

"Mguu. Nimekuangalia. Kona ilipotokea tu, mguu wako ulianza kunyanyuka wenyewe. Gari hili limekutia woga miaka yote, na mguu umezoea. Injini imepona, sasa upone wewe."

Lilirudishwa kinyumenyume, watu wakielekeza kwa mikono. Chini Laurenti alifuta viganja kwenye suruali, akavuta pumzi, akaingiza gia.

Mara hii halikugonga. Lilipanda na sauti moja iliyonyooka, na lile bomba pana likawa linaimba nyuma. Walipita mahali yalipobaki yale mawe. Kona ikajitokeza, nyekundu, yenye mfereji uliochimbwa na mvua za miaka, na Laurenti akahisi kile alichoambiwa: mguu wake wa kulia ulikuwa unataka kunyanyuka. Ulikuwa kama mguu wa mtu mwingine. Alijua kwamba akinyanyua kidogo tu gari litapoteza mwendo, na mwendo ukipotea hapo haurudi. Kutoka nyuma Martina alipiga paa la gari kwa kiganja, akapaza sauti, "Kanyaga, Baba Rosa! Kanyaga!" Akakanyaga. Gari liliingia konani likainama upande, magunia yakalia, gurudumu la nyuma likatafuna changarawe, likateleza, likashika. Kisha mbele yake ukafunguka ule mpando wa mwisho ambao hakuwahi kuuona kutoka kwenye kiti cha dereva akiwa na mzigo kamili, na pikapu ikaula ule mpando bila kulegeza sauti, ikatokeza juu kwenye barabara kuu kama kitu kilichotupwa.

Laurenti aliizima. Maji ya rejeta yalikuwa yametulia, hayachemki. Alikaa tu na mikono miwili juu ya usukani, na moyo wake ulikuwa umejaa kama siku Rosa alipozaliwa. Yahya alimpiga begani, akashuka kwenda kulegeza misuli. Wanawake walifika juu wakiwa wamekimbia, mikono mitupu, wakihema na kucheka, na Bi Genoveva alikuja nyuma yao akipiga vigelegele akakosa pumzi, akapiga tena.

"Mwanangu," alimwambia Laurenti, "mimi mlima huu sijawahi kuupanda nikatazama pembeni. Kumbe bahari inaonekana!"

Wote wakageuka. Kweli, mbali kabisa upande wa Lindi, palikuwa na mstari wa buluu. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuuona, maana mtu mwenye gunia kichwani hutazama mahali anapokanyaga.

Mingoyo walifika jua bado halijafika utosini. Mzee Abdurahmani aliyaangalia magunia yakishushwa, akamtazama Laurenti, akamtazama Martina aliyekuwa bado na vumbi la njia kwenye nyusi. Hakuuliza tena habari ya kununua.

"Nani kalipandisha?" aliuliza.

Laurenti alikuwa ametoa ahadi, na watu walikuwa wengi pale. Akapaza ile sauti yake ya kanisani. "Kalipandisha Yahya, mtani wangu, mtu wa Kivinje, mvivu kama wenzake wote. Na aliyelipunguzia mzigo ni mke wangu. Mimi nilikanyaga tu."

"Hukukanyaga mara ya kwanza," Martina alisema, na kicheko kilichotoka pale kilifika mpaka njia panda.

Siku zilizofuata Laurenti alikwenda na kurudi bila kupumzika, na mbingu ikawa inajaza mawingu lakini ikangoja. Mvua ya kwanza ilipopiga, haikukuta gunia hata moja bondeni. Wanawake waliingia kwenye palizi mapema mwaka ule, na baadhi yao wakafungua mashamba mapya ya ufuta, kwa kuwa sasa walijua mazao yatatoka bondeni. Pale njia panda madereva wengine walianza kusimama kwa Yahya, kila mmoja akifungua boneti na kueleza mlima wake, na Yahya akalazimika kuongeza kibanda cha pili.

Safari ya mwisho ya msimu, Laurenti na Martina walipita kumlipa. Alipokea malipo yake, akashukuru, lakini akawa anaizunguka pikapu na kuchungulia chini ya magurudumu.

"Mtani, kupanda tumemaliza," alisema. "Sasa gari hili lina nguvu, na nyinyi mnarudi bondeni mmepakia chumvi na saruji. Umewahi kufikiri litashukaje?"

Laurenti na Martina wakatazamana.

"Breki zake," Yahya alisema, akikunja mikono ya shati, "ni hadithi nyingine kabisa. Leteni viti mkae."

Martina akatua kapu lake chini. "Basi nitafute samaki tupike," alisema. "Hatutatoka hapa leo."